Magadi kwenye Mboga ya Baba Mkwe

Nakumbuka vizuri siku niliyojiona mpishi hodari kuliko wanawake wote wa Njoro, kumbe nilikuwa namdhuru baba mkwe wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa majuzi tu, tunaishi katika shamba la mzungu ambako mzee alikamua ng'ombe.

Mzee huyo alianza kuvimba miguu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale pale. Gambuti zikakataa kuingia, na akilala chali anatweta. Hospitalini Nakuru wakasema moyo umechoka, maji yanabaki mwilini. Wakampa vidonge vya kuyatoa kwa mkojo, kimoja kila asubuhi, na chumvi wakamkataza kabisa. Mama mkwe akanipa kazi ya kumpikia katika sufuria yake ndogo, peke yake, na uvimbe ukaanza kushuka.

Haya, mzee alivyonung'unika! "Mboga hii mmepikia ng'ombe?" Anamega matonge mawili, anasukuma sahani. Nilimwonea huruma, na nikwambie ukweli, nilitaka pia kusifiwa. Basi nikapika mrenda na kunde, nikatia magadi ya kulainisha mboga kama nilivyofundishwa kwetu. Nimekatazwa chumvi, nikajiambia, nani amekataza magadi? Wee! Mzee alikula akalamba vidole. "Huyu mama anajua kupika!" akatangaza hadi majirani wakasikia. Kesho yake nikatia tena, na kwenye maharagwe pia. Wiki mbili nzima nilichota maji nikiimba.

Lakini miguu ikavimba upya, safari hii hadi magotini.

Dresa wa zahanati, kijana mpole, alikuja kwa baiskeli, akamtazama, akakuna kichwa. "Vidonge anameza, chumvi hali. Basi dawa haitoshi. Nitamwandikia daktari aongeze mara mbili."

"Haina hatari?" mama mkwe akauliza.

"Ikizidi inaweza kumkausha, aishiwe nguvu, hata moyo upige ovyo. Lakini tufanyeje, mama?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Niseme mbele ya baba mkwe, mimi niliyekuja juzi! Kwetu hata kumtazama mkweo usoni ilikuwa kukosa adabu. Nikaona kalamu inagusa karatasi. Nikasema, "Natia magadi."

Dresa akaweka kalamu chini. "Ah, mama! Magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanashika maji mwilini."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe akanitazama, akasema taratibu, "Mambo ya magadi hata mimi sikuyajua. Kosa lako ni kutia kitu katika chakula cha mgonjwa bila kumwambia mtu." Maneno hayo yaliniingia, na hayajatoka hadi leo.

Mzee je? Alicheka hadi akakohoa! "Kumbe nilikuwa nausifu ugonjwa wangu! Usilie, mama. Ungenyamaza, ningemeza dawa mara mbili kwa sababu ya mrenda."

Ile barua ikachanwa. Nikajifunza kupika kwa limau, vitunguu na dhania, naye akajifunza kula bila kelele nyingi. Baada ya wiki chache gambuti ziliingia, na hakuongezewa hata kidonge kimoja.

Sasa mwanangu, nisikilize. Ukiambiwa upunguze chumvi, itafute hata mahali isipoitwa chumvi: kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti, kwenye soseji, hata kwenye dawa zingine za kiungulia. Dawa za maumivu za kununua dukani nazo zinaweza kubakiza maji mwilini, kwa hivyo uliza kwanza. Hizo chupa za miti shamba na vidonge vya kuongeza nguvu, zibebe umwonyeshe daktari. Na usimeze kidonge cha jirani ati kilimpunguzia uvimbe wa miguu, wala usiache chako ati umepata nafuu. Uzito ukipanda ghafla, au pumzi ikibana, usingoje kesho. Lakini kubwa zaidi ni hili: ukiulizwa umekula nini na umemeza nini, sema yote, hata lile la aibu. Daktari anatibu kile anachoambiwa.

Mungu akujalie miguu myepesi hadi uzeeni, akupe hamu ya chakula na watu wa kula nao. Na siku mgonjwa akiwa kwako, nyumba yako isikose mtu wa kusema, "Ni mimi."