Kopo Chini ya Kitanda cha Baba Mkwe

Wifi yangu alianza kunusa sufuria yangu mwaka ule baba mkwe alipokonda. Kila siku ya soko alikuwa akitoka Nyamache anakuja kwetu Manga, anafunua mfuniko, ananusa, anafunika, halafu ananiuliza kwa sauti tamu kama mboga nimechuma mwenyewe au nimeletewa. Mimi si mtoto. Nilijua ananiuliza nini.

Baba mkwe alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ndio uliomkondesha kabla hajaanzishiwa vidonge. Lakini kwetu mzee mjane akikonda, na chakula chake kinatoka jikoni kwa mke wa mwanawe, watu hawaulizi habari ya sukari. Wanauliza habari ya mpishi.

Basi nikaanza kuonja. Nikipeleka ugali na mboga ya chinsaga, ninakata tonge langu mbele yake, ninatafuna, ninameza, ndipo ninamsogezea sahani. Hakuwahi kuniambia niache. Hilo liliniuma kuliko maneno ya wifi.

Halafu akaanza kutetemeka. Anameza vidonge asubuhi, anakunywa uji, na kabla ya saa sita shati limelowa jasho, mikono inacheza, ananiongelesha kana kwamba mimi ni marehemu mkewe. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kupima majani chai kituoni, alisikia ya dada yake, akasikia yangu, akaenda kupima majani chai.

Mimi nami nikamshuku wifi. Kwani yeye ni nani asishukiwe? Kila akija ana kikapu, anaingia nacho chumbani kwa baba yake, wananong'ona, anatoka akijifuta mikono na leso. Na chumba hicho mimi siingii. Ni chinsoni, ile heshima yetu: mke wa mwana haingii anapolala baba mkwe, kama vile yeye naye havuki mlango wa nyumba yangu. Miaka kumi na minne nimefagia mpaka kizingitini, nikarudi.

Asubuhi moja, nikiwa peke yangu bomani, nilisikia kitu kizito kikianguka chumbani humo. Niliita, hakuitika. Nilisimama mlangoni. Naona aibu kusema, lakini nilisimama, na ufagio mkononi, mpaka nikasikia anakoroma vibaya. Ndipo nikaingia.

Alikuwa sakafuni, baridi, macho wazi, hanijui. Karibu na mkono wake, chini ya kitanda, kulikuwa na kopo la plastiki lenye unga wa kijani, na kijiko ndani. Nikasema moyoni, leo nimempata. Nililifunga kopo lile kwenye leso yangu kabla hata sijamwinua mzee. Hiyo nayo naona aibu kuisema.

Jirani alitupeleka zahanati kwa pikipiki yake, mzee katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, heshima yote imekwisha. Walimdunga kidole, wakasema sukari imeshuka sana, wakamwekea maji ya glukosi kwenye mshipa. Mimi nikaweka kopo mezani kwa daktari na kumwambia, "Sumu ndiyo hii."

Daktari aligeuza kopo, akasoma maandishi madogo ya nyuma. "Hii si sumu, mama. Ni karela, lile tunda chungu, na uwatu, na majani mengine hawakuyataja. Inashusha sukari. Vidonge vyake navyo vinashusha sukari. Akichanganya bila sisi kujua, inashuka mpaka anaanguka. Mngechelewa kidogo, mngempoteza."

Wifi, aliyepigiwa simu na jirani, alikuwa ameshafika, anahema. Nilimnyooshea kidole mbele ya watu. Hakukana.

"Mimi ndiye niliyemletea," alisema. "Ni ya kusafisha damu. Ya kumtoa ulichomwekea."

Alieleza kwamba walianza na kijiko kimoja kwa siku. Mzee alipotetemeka, wakaamini, yeye na baba yake, kuwa ni sumu yangu inapambana na dawa, wakaongeza cha pili. Akazidi kutetemeka, wakaongeza cha tatu. Nilitaka kumzaba kofi, haki ya Mungu. Lakini alikuwa akilia huku ameshika miguu ya baba yake, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza.

Mzee alipopata fahamu, daktari alimwinamia. "Baba, kila mwezi nakuuliza kama kuna dawa nyingine unayotumia. Kila mwezi unaniambia hakuna."

Baba mkwe aliangalia blanketi. "Ningesemaje? Huyu ndiye hunileta. Husimama hapo."

Na kweli, hapo ndipo nilikuwa nikisimama, nimeshika kadi yake, mkwe mwema asiyekosa kliniki hata moja.

Mwezi uliofuata nilimpeleka tena. Wifi alikuwa ameapa kwamba hataleta kopo lingine, nami nikamwitikia, lakini kikapu chake bado nakitazama, na sufuria yangu bado anaitazama. Tuliingia, nikaweka kadi mezani, daktari akauliza swali lake lile lile. Mzee hakujibu. Alinitupia jicho la pembeni.

Nikatoka. Nikavuta mlango nyuma yangu, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Nilimsikia mzee akianza kuongea, na aliongea kwa muda mrefu.