Baba Anaamini Mkono Wake Umepona kwa Sababu ya Gemu

Admin, jina langu liache kando. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwa mtu ninayemzungumzia, na sina ubaya naye hata kidogo.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, Mkenya kutoka Bungoma, nafanya kazi za nyumbani hapa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Najua mkisikia Saudia mnangoja niseme nimepigwa au nimenyimwa chakula. Hapana. Nyumba hii ina wazee wawili tu, baba na madam, na wamenitunza vizuri. Mwaka jana baba alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Mimi niliyeletwa kupika na kufagia nikawa ndiye wa kumshika akitembea na kumfunga vifungo vya kanzu.

Daktari alisema vidole vipewe kazi. Binti yao Hanan, aliyeolewa Riyadh, akaleta gemu ya kuchezea kwenye runinga. Baba alisomea uinjinia Marekani ujanani, na huko akapenda besiboli, ule mchezo wa kurushiwa mpira mdogo na kuupiga kwa gongo. Sasa gemu hiyo unaipanga upendavyo. Ukiipanga ya kujifurahisha, mpira unakuja polepole, na hata ukichelewa kubonyeza bado unaupiga. Ukiipanga iwe kama uwanjani kwenyewe, ukipepesa jicho mpira umeshapita. Mimi nilitaka ile ya kwanza, tucheke. Baba akakataa.

"Binti yangu," aliniambia, "nikicheza ya watoto nitajuaje kama mkono unarudi?"

Basi akawa anakosa. Anakosa leo, anakosa kesho. Ikafika mahali anaitupa rimoti kwenye zulia na kugeukia ukutani. Chakula akakiacha. Madam akawa anakuja jikoni kulia, mimi nageuza sufuria zisizo na kitu ili nisimtazame.

Hanan alipokuja kututembelea, aliona hali ile. Baba alipokuwa akiswali, akachukua rimoti, akabadilisha mipangilio, akaifanya ile rahisi. Akanikazia macho, akasema nisimwambie mtu, hata mama yake. "Mwache afurahi," alisema. Nami nikafurahi pia, sitawadanganya. Jioni hiyo baba alipiga mpira ukaruka mpaka kwa watazamaji, akanishika bega akicheka hadi machozi. Kuanzia hapo akaanza kula. Akaanza kutembea mwenyewe hadi barazani. Nilimshukuru Mungu nikaona neno limekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Baba aliichukulia ile gemu kama kipimo cha hospitali. Kulikuwa na kijana anayekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo; baba akamwambia halas, basi, asirudi tena. Hanan alipojifungua, baba akasema ataendesha gari mwenyewe hadi Riyadh kumwona mjukuu. Dereva wa nyumba alisharudi kwao, na madam hajawahi kujifunza kuendesha. Ni safari ya kutwa nzima jangwani. Madam akae mbele, mimi nyuma.

Wiki iliyopita alinichukua twende tukanunue mikate, kujaribu gari. Kwenye mzunguko, mwanamume mmoja alikuwa anavuka kutoka kushoto, upande wa baba ulioumia. Mimi nilimwona. Baba hakumwona mpaka yule mtu alipoipiga boneti kwa viganja. Gari lilisimama. Baba akasema yule mtu ndiye aliyekimbia. Hakukimbia, ndugu zangu. Alikuwa anatembea kama mtu yeyote.

Nikampigia Hanan. Akanisikiliza, kisha akasema baba yake akijua atarudi kitandani na mara hii hatainuka. Akaniuliza kama nataka hilo liwe juu yangu. Alisema atamsihi asisafiri. Alimsihi, na baba akamjibu kwamba mkono ni mzima, ajiandae kupokea wageni. Rafiki yangu anayeishi mtaa wa Karantina hapa Jeddah yeye ananiambia nifunge mdomo, mambo ya kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, na binti yake hayanihusu. Lakini kwenye gari hilo nami nimo.

Nikajaribu njia yangu. Juzi, baba alipokwenda kuswali alasiri, nikairudisha gemu kwenye ule ugumu wa zamani, nikasema ajionee mwenyewe, nisiwe mimi wa kusema. Akakosa mpira wa kwanza, akakosa wa pili, akakosa yote. Hakukasirika. Aliuweka ule mkono wa kushoto mapajani, akaanza kuukanda kidole kwa kidole. Sikuweza. Nikamwambia runinga ina hitilafu, nikajifanya kuchomoa nyaya, nikairudisha rahisi. Akaanza kupiga tena, akanishukuru.

Jana mezani madam alikataa safari. Alisema anaogopa. Baba hakubishana naye, akaniita kutoka jikoni.

"Huyu hucheza nami kila siku," alisema. "Muulize yeye kama mkono wangu haujarudi."

Madam aliweka kijiko chini akanitazama. "Sema wewe," akaniambia. "Wewe ndiye unayemshika. Ukisema amepona, nitapanda."

Nilisema chai inachemka, nikarudi jikoni. Chai ilikuwa imeshaiva zamani. Wote wawili wanangoja jibu langu, na safari ni keshokutwa baada ya alfajiri.

Nikisema kweli, namvunja mzee aliyenifanya mwanawe, na Hanan atakuwa adui yangu katika nchi ambayo sina ndugu. Nikisema amepona, madam atapanda gari kwa neno langu. Wenye wazazi waliougua kiharusi, na dada zangu mlio huku, msinitukane, niambieni tu: nikiitwa tena pale mezani, nifungue mdomo niseme nini?