Niliwaimbia Wenzangu Wasitoke Kazini

Jina langu liache, ndugu mhariri. Kosa nimelifanya mimi, na sitamsingizia shetani. Nadhani hata yeye siku ile alikuwa amekaa pembeni anajifunza.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikifa nizikwe barazani, nisipate taabu ya kuzoea mahali pengine. Nimesoma hadi kidato cha nne, na matokeo yangu wazazi waliyauliza mara moja tu, wakayaacha. Kila msimu wa pamba nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Mwili unasukuma marobota, pua imejaa vumbi la nyuzi, roho iko kwenye kiti changu nyumbani.

Wa huku mnajua tunavyolima kwa kikundi. Ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na anayebaki nyuma anaimbwa mpaka anajuta kuzaliwa. Hakuna anayenuna. Kazi ikiisha mnakula sufuria moja. Mimi kwenye jembe ni bure kabisa, ila kumwimba mtu, hapo Mungu alinipa.

Meneja alilijua hilo. Msimu uliopita mzigo ulikuwa mkubwa na watu wachache, akaniita pembeni. Si Msukuma, lakini siku hiyo alikuwa amejifunza neno.

"Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, "kila mtu akiondoka zamu ikiisha, huu mzigo nani ataumaliza? Nitanunua ngoma. Wewe wachangamshe kama mnavyofanya shambani. Wakishachangamka, nenda zako nyumbani."

Nenda zako nyumbani. Katika maneno yote yale, mimi nilisikia hayo tu.

Ikawa hivyo. Kengele ya kutoka ikilia, mimi nipo mlangoni na ngoma. Anayechukua shati lake msumarini anaimbwa yeye, mke wake na kuku wao. Watu wanacheka, wanaona aibu, wanarudi kwenye mashine. Nikiona wamekolea, naegesha ngoma ukutani na kuondoka taratibu. Wao wanabaki mpaka meneja aridhike. Mimi nakuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga mezani, navua viatu, namwambia mke wangu kazi imenichosha.

Tulikuwa na mwenzetu, nimwite Maduhu, mtu wa Ipililo kule Maswa. Yeye na mkewe walipanga chumba jirani na sisi. Alikuwa na nguvu, na hakujua kusema hapana. Msimu ulipokolea akaanza kulalamika kichwa, miguu ikawa inavimba. Analala kidogo, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Zahanati wakampima presha, wakamwambia iko juu sana, apunguze kazi na apumzike.

Asubuhi moja akanikuta nakunywa uji.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka, mgonjwa wetu."

"Leo usiniimbe. Zamu ikiisha nataka kutoka."

"Kwani robota unabeba kwa kichwa?"

"Sitanii, kaka. Nesi kasema nipumzike."

"Nesi huyo amekupenda," nikamwambia. Akacheka kwa adabu, akaenda zake. Angenitukana ingekuwa heri.

Kengele ilipolia, Maduhu alikuwa wa kwanza kushika shati. Nami nikaimba. Nikaimba kwamba presha ni ya tairi, kwamba kinachopelekwa kupimwa ni baiskeli, mwanaume anapimwa kwa mzigo. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Maduhu alinitazama kidogo, kisha akarudisha shati msumarini.

Mimi nikaenda nyumbani.

Nilikuwa kwenye kiti changu waliponipigia simu. Maduhu ameanguka kwenye mashine ya kubana marobota. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina kazi, na maneno yanatoka nusu.

Meneja alikuja hospitali na matunda, akamwambia mke wa Maduhu, "Shemeji, huyu ni wetu, tutasimama naye." Nilimwamini kuliko yule mama alivyomwamini.

Ndugu zake wakaanza kufuatilia fidia, na afisa kazi akaja kiwandani. Alitueleza sheria ya nchi ilivyo: kazi ya siku ni muda wa saa tisa, ziada ni kwa makubaliano, na hata mkikubaliana siku isivuke jumla ya saa kumi na mbili. Tulitazamana kama watu wanaosomewa habari za nchi nyingine. Kisha akauliza Maduhu alikuwa anafanya nini pale mashineni zamu ikiwa imeshaisha.

Meneja akajibu bila kumeza mate. "Afisa, kazi ilikuwa imekwisha. Hawa ndugu zetu wana mila ya ngoma. Walibaki kucheza. Mwenye ngoma ni huyu hapa, na nimemkataza mara nyingi."

Akanielekezea kidole. Mimi, ng'wanawane wake.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema ngoma ameinunua yeye, na wimbo ameuagiza yeye. Lakini ningelazimika pia kusema, mbele ya wenzangu wote, kwamba wao wakibana marobota mimi nilikuwa nyumbani nakula michembe. Nikaona aibu.

"Ni utani tu, afisa," nikasema. "Ni ngoma zetu."

Afisa akaandika. Mwisho wa wiki meneja akanifukuza kazi, eti kwa kuvuruga nidhamu.

Nilikwenda kwa mke wa Maduhu kuomba msamaha. Alikuwa anamlisha mumewe kwa kijiko. Nikaanza kulia.

"Shemeji, usinililie," akasema. "Machozi ninayo ya kwangu. Huyu alikuwa kazini au alikuwa anacheza?"

"Alikuwa kazini."

"Basi mimi unaniambia ili iweje? Nenda kamwambie uliyemdanganya."

Maduhu akanyanyua mkono wa kushoto, akautikisa kuelekea mlangoni. Sijui alikuwa ananifukuza au ananituma. Nilikwenda.

Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hata kama watu wangebaki kwa hiari, mwajiri haruhusiwi kuwaacha wafanye kazi hadi wavuke kikomo. Kisha akaniuliza, "Wakati anaanguka, ulimwona yuko kwenye mashine?"

Sikumwona. Nilikuwa nyumbani.

"Basi nahitaji aliyemwona," akasema.

Nimezunguka kwa wote. Wananikwepa, na sababu naijua. Msimu mzima niliwafundisha kwamba anayesema amechoka ni kichekesho, wakanielewa vizuri mno.

Ndugu zangu mnaosoma, mwenzako akisema mwili umechoka, usimjibu kwa mzaha. Na bosi akikupa upendeleo wa kutoka mapema, uliza nani anabaki badala yako.

Na nyie mliokuwa zamu ile, mnajijua. Robota mlilokuwa mnabana na Maduhu mnalijua. Nichekeni mimi kadiri mtakavyo, nimestahili. Lakini nendeni ofisi ya afisa kazi mkaseme alikuwa anafanya kazi, ili apate fidia yake.