Gari Lililokataa Kuwaka Kibokoni

Wasomaji wangu, juzi pale Kibokoni tulimzika dereva wa teksi aliyetubeba miaka mingi, mimi na wazee wengi wa mtaa. Alikuwa mbishi, mwenye maringo, na fahari yake ilikuwa moja tu: gari lake kuukuu halijawahi kusukumwa. Fahari nyingine hakuwa nayo, maana teksi za kuitwa kwa simu zilikwisha kumnyang'anya abiria.

Siku moja alikuwa ampeleke bibi harusi Majengo. Injini ikagonga kidogo, akashuka na kanzu yake nyeupe, akafunua boneti. Shangazi wa bibi harusi akapaza sauti: "Bwana we, watu wangoja!" Akamjibu bila kugeuka: "Nawangoje. Moto ukitangulia mno, injini yagonga. Ukitaahari, haina nguvu." Kisha akanieleza mimi niliyekuwa karibu. Petroli huchukua muda kuungua, kwa hiyo cheche sharti itoke kabla pistoni haijafika juu. Gari likienda mbio, cheche nayo iwahi zaidi. Ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche, mna vyuma viwili vidogo vinavyosukumwa nje na kasi ya mzunguko na kuiwahisha cheche. Lakini pa kuanzia hupatafuta mtu mwenyewe: hulegeza bolti inayoishika distributa, akaizungusha kidogo kidogo, akasikiliza. Magari ya leo hufanyiwa hayo na kompyuta, na dereva hana tena cha kusikiliza.

Siku yake ya mwisho alikuwa katika kazi hiyo hiyo, kichochoroni mbele ya nyumba yake. Alilegeza bolti, adhana ya alasiri ikamkuta, akaingia ndani kutawadha. Hakutoka tena. Asubuhi gari lilikuwa bado limeziba kichochoro, jeneza halina pa kupita. Mjane akatuma neno: "Liwasheni. Nawaomba, musilisukume." Fundi mmoja wa mtaa akaizungusha distributa huku na huku, gari likapiga mshindo, likatoa moshi, likanyamaza. Akajaribu tena na tena mpaka betri ikafa. Tukalisukuma. Kutoka dirishani tukamsikia mjane akisema, "Basi kweli amekwenda." Nililia mbele za watu.

Husemwa kwamba kazi ya mtu hubaki. Mimi siamini tena. Gari lile litauzwa chuma chakavu, na Kibokoni haitasimama kulitazama. Nililojifunza ni hili: hakuna afaye akiwa amemaliza. Kila mtu huacha bolti moja haijakazwa, na ajuaye pa kuikazia ndiye tuliyekwisha kumfukia.