Bata Aliyenijia Mwenyewe Shambani

Ndugu zangu, mkosaji ni mimi. Sina wa kumsingizia.

Ninaishi kijijini, nje kidogo ya Dodoma, jirani na bwawa. Mvua zikinyesha, bata bukini wa porini hutua hapo. Mwaka juzi dume mmoja alimpanda bata wetu mweupe wa kufugwa, kikatotolewa kifaranga cha ajabu.

Jirani akacheka, "Hicho ni bata au kanga?"

Binti yetu Zai akamjibu, "Chotara, mjomba! Mabawa ya baba, miguu ya mama."

Akamlea, akimlisha uwele mkononi.

Kisha Zai akaugua. Akafariki.

Mvua zilizofuata, yule bata akaruka na wenzake wa bwawani. Tangu hapo mke wangu huenda bwawani kila jioni kumwita, kwa sauti ileile aliyoitumia mwanetu. Aliniambia, "Baba Zai, huyo akirudi, nami nitapata usingizi."

Mwaka huu nilikuwa nalinda mtama usiliwe na ndege. Bata akatua. Nikaona baka jeupe bawani, kama la wale wa bwawani, nikasema huyu ni wa porini, kitoweo hicho. Miguu hata sikuitazama! Wala hakukimbia. Alinijia, taratibu, shingo ameinyoosha.

Nami nikasema, leo nina bahati! Nikamrushia jiwe. Nikamchinja.

Nilipoanza kumnyonyoa ndipo nikaiona miguu. Ya njano, kama ya mama yake. Ya wale wa porini ni ya waridi. Ole wangu!

Nikaikata, nikaifukia. Nyama nikaipeleka nyumbani.

"Wa wapi huyu?" mke wangu akauliza.

"Wa porini."

"Umemtazama vizuri?"

"Mama Zai, mimi nisijue bata?"

Akapika. Akala. Tangu msiba ule sikuwa nimemwona akimaliza sahani. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Hadi leo bado anakwenda bwawani kuita. Namsikia, najifanya nina kazi zizini.

Ninyi mnaolinda mashamba, bawa peke yake halitoshi kumjua ndege. Tazameni miguu, tazameni mdomo. Na akikujia mwenyewe, shusha jiwe lako. Kuna mtu alimfundisha kutoogopa mkono.

Na ukikosea, sema kabla chungu hakijainjikwa. Mimi sasa nikimwambia mke wangu, itabidi nimwambie na alichokula.