Kompyuta Niliyoifunika Blanketi

Bado naikumbuka asubuhi ile ya Julai hapa Uyole, baridi imekaza hadi maji ya ndoo yanauma vidole, nami nimekaa kitandani nikiitazama nyumba ya watu ikigoma kuzunguka kwenye kioo cha kompyuta.

Tumaini, mdogo wangu, sina umri wa kukuita mwanangu. Lakini kesho unapanda basi kwenda chuo Iringa, na kompyuta hii unaondoka nayo wewe, kwa kuwa mimi nimepata ya mezani, ya mtumba. Kaa kidogo nikwambie jambo, kisha nikuache ufunge mizigo.

Nyumba ile ilikuwa ya Mama Zuhura, mfanyabiashara wa mchele kule Chimala. Nilikuwa nimemaliza chuo, cheti cha usanifu majengo kimo kabatini, na majirani wameshazoea kuniuliza, "Bado tu?" Mama Zuhura ndiye mtu wa kwanza kunipa kazi. Ila hasomi ramani. Alitaka aione nyumba yake kwenye kompyuta, aingizwe sebuleni, atolewe jikoni, kama mtu anayetembea. Ningempelekea Jumamosi. Isipomridhisha, kazi ingekwenda kwa mchoraji mwingine aliyekuwa tayari anapitapita dukani kwake.

Na kompyuta ikagoma. Nikiiwasha, picha inakwenda vizuri kwa muda mfupi, kisha inaanza kukatika. Nageuza nyumba, inaganda, halafu inaruka upande wa pili kama panzi. Wewe unanijua. Mtu mwingine angejiuliza swali moja. Mimi nilijiuliza yote kwa pamoja. Nikapakua upya programu ya grafiki mpaka bando likaisha. Nikafuta hiki, nikazima kile, nikapunguza ubora wa picha, nikaondoa vivuli vya miti. Nilibadilisha mambo mengi kwa mkupuo, kwa hiyo hata ilipopata nafuu sikujua ni dawa ipi iliyosaidia, na ilipozidiwa sikujua ni ipi iliyodhuru.

Baba akaingia na chai. Unajua aliendesha malori barabara hii mpaka mgongo ukamkatalia.

"Imegoma tena?"

"Imegoma, baba."

"Baridi hiyo. Malori yetu ya zamani hatukuyaondoa asubuhi bila kuyapasha. Na hiyo ifunike, ipate joto."

Akatoka huku anacheka. Mimi nikabaki nawaza. Mashine ya zamani, asubuhi, baridi. Niliona ina mantiki. Basi nikachukua lile blanketi zito la bibi, nikaizungushia kompyuta yote, nikaacha kioo na vitufe tu. Tena ilikuwa raha, maana ilinipasha magoti. Ilipozidi kukwama, nikaona joto bado halijatosha, nikaikunjia blanketi mara ya pili. Cheka tu, mdogo wangu. Mimi wakati ule sikuwa na nguvu ya kucheka.

Jumamosi nikapanda basi na kompyuta, na blanketi nikalitia begini. Tulipoteremka bondeni nikavua sweta. Chimala nilifika shati limenigandia mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona begi limevimba hivyo, umehamia?"

Nikatoa kompyuta. Nikatoa na blanketi. Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele pembeni wakasimamisha ungo.

"Blanketi? Chimala hii?" Mama Zuhura akanigusa paji la uso. "Mwanangu, una homa?"

"Hapana, mama. Ni la kompyuta."

"Kumbe mgonjwa ni kompyuta! Mleteeni maji ya moto."

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Kwa aibu nikalirudisha blanketi begini, nikaiweka kompyuta juu ya meza ya plastiki, pale barazani panapopita upepo. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeshayapanga kichwani tangu basi linapita Igurusi.

Nyumba ikazunguka. Nikasubiri igande, haikuganda. Tukaingia sebuleni, tukapanda ngazi, tukashuka, na picha inateleza tu. Katika joto la Chimala! Hapo ndipo niliponyoosha mkono nikagusa chini ya kompyuta, kitu ambacho sikuwahi kukifanya Uyole. Ilikuwa na joto la kawaida. Nikaelewa. Matundu ya hewa yako chini na ubavuni, na mimi nilikuwa nimeyaziba, kwanza kwa godoro la kitandani, kisha kwa sufu ya blanketi. Kompyuta ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Jambo hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza. Ungeniuliza kwenye mtihani ningelijibu.

"Hebu rudi nyuma," Mama Zuhura akasema. "Mtu akitoka msalani hapa anatokea wapi?"

"Jikoni, mama."

"Jikoni? Mgeni wangu atoke chooni aje moja kwa moja kwenye sufuria ya pilau?"

Nikatazama. Mlango ulikuwa pale kweli. Siku zote zile nilipigana na mashine, na nyumba yenyewe sikuwa nimeiangalia. Nilijisikia kuchoka, uchovu wa ndani kabisa, wa mtu aliyekimbia upande usio wake.

"Niuhamishe sasa hivi, mama?"

"Sasa utauhamisha lini? Nikishajengewa?"

Nikauhamisha palepale, yeye amesimama nyuma yangu na soda, ananielekeza, "Kushoto. Kushoto bado. Hapo." Tukaingia tena kwa mlango wa mbele. Akaifuata njia kwa kidole mpaka tukatokea uani, kisha akasema, "Haya. Sasa hapa ni kwangu. Kazi ni yako."

Jioni baba akaniona nalitoa blanketi begini.

"Gwe, wewe! Kumbe uliifunika kweli?"

"Si ulisema, baba?"

"Nilikutania, mwanangu. Ulikuwa umekunja uso siku nyingi, nilitaka ucheke."

Kesho yake niliifungua nyuma. Manyoya ya blanketi yalikuwa yamejisokota kwenye feni kama sweta. Nikayasafisha kwa brashi ya rangi, ikawa nyepesi zaidi.

Basi, mdogo wangu, Iringa nako kuna baridi, na utatamani kuipeleka kitandani. Blanketi jifunike wewe, kompyuta ibaki mezani. Picha ikianza kugoma, gusa kwanza chini yake, sikiliza feni. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, usubiri uone. Ukiona umeshinda siku nzima unaihangaikia mashine, simama uitazame kazi yenyewe, maana mlango unaweza kuwa mahali pabaya. Na mtu anayekupenda akikutania, cheka, angalau kidogo. Mimi bado sijapona kuwaza. Kazi zinakuja kwa kusuasua, na zipo asubuhi ninazoamka nimechoka.

Nenda, Mungu akutangulie, akupe usingizi wa kutosha na watu wa kukucheka kwa upendo. Basi likifika Chimala usisinzie. Tafuta nyumba ya paa la kijani, karibu na barabara. Msala wake unatokea koridoni.