Vigoda saba vya Rabia na minueti ya Candiru

Saa moja asubuhi, kabla vumbi la barabara ya Oraba halijaamka, Rabia Fadhul anapanga vigoda saba kwa mstari uani kwake, mjini Koboko. Hakuna anayevikalia. Anavipangusa kimoja kimoja kwa pindo la leso, anarudi nyuma na kuvitazama kama mwenye karamu anayengoja wageni, kisha anamwita mwanafunzi wake pekee wa asubuhi hii.

"Haya, Candiru. Anzia kwako."

Msichana wa miaka kumi na mmoja anaketi kwenye kigoda cha kwanza, anabana fidla kwa kidevu, anapiga sauti tatu. Anainuka, anahamia kigoda cha pili, anapiga mbili. Anahama tena.

Jirani anachungulia juu ya ua wa matete. "Mama Rabia, hii ni muziki ama mutoto natafuta kiti?"

"Natafuta kiti kweli," Rabia anamjibu bila kugeuka. "Iko moja tu, na iko Arua."

Kiti hicho ni nafasi ya ufadhili katika kituo cha muziki kilichomo ndani ya nyumba kuukuu ya enzi za wakoloni, Arua Hill. Mtoto atakayeipata atasomeshwa muziki wa kale wa Kizungu miaka minne, ada ya shule na malazi vikiwa juu ya wafadhili. Atakayeikosa atarudisha fidla, maana fidla ni mali ya kituo. Kwa Candiru, binti wa wakulima wa kijiji cha Lurujo, kuirudisha ni kubaki na jembe na majani ya tumbaku.

Siku ya kusikilizwa ni Jumamosi hii.

Rabia, Mnubi wa miaka arobaini na sita, ni msukaji wa vikapu. Alifika kituoni miaka tisa iliyopita kuuza vikapu, akaisikia fidla kwa mara ya kwanza. Husimulia kwamba siku ile aliweka kikapu chini na hajakiokota hadi leo. Wanaomjua wanasema alikiokota, tena akapandisha bei.

Walimu walimruhusu ajifunze benchi moja na watoto. "Magoti yangu yalikuwa yanagonga kidevu," anasema. "Watoto wakaniita bibi-darasa. Nikawaambia, chekeni, lakini kesho msiniombe mandazi."

Leo ndiye anayewaanzisha watoto wa Koboko, siku mbili kwa wiki, kwa shilingi elfu kumi na tano kwa siku. Siku nyingine ni za vikapu, na ndivyo vinavyolisha nyumba.

Mwaka jana aliletewa watoto saba wasioweza hata kushika upinde wa fidla. Akaazima njia ya agwara, zile pembe ndefu za mbao ambazo watu wa huku hupiga kwenye sherehe na matanga. Kila mpigaji ana sauti yake moja tu. Anaitoa zamu yake ikifika, ananyamaza, mwenzake anadaka. Wimbo si wa mtu. Umo katikati yao.

Rabia akaichukua minueti, ngoma fupi ya Kizungu ya hatua ndogo ndogo, akaikata vipande saba, kila mtoto na kigoda chake na kipande chake. Kabla ya mwezi kwisha ilikuwa ikizunguka ua huu kama kata ya maji msibani. Inasemekana madereva wa malori yaendayo mpakani walizima injini ili wasikilize. Wapo wasemao foleni ilikuwa haisogei tu.

Mkosi ukaja wiki tatu zilizopita, Arua. Kanuni ni kwamba mtoto hupiga peke yake. Candiru alisimama mbele ya mwalimu Ocama, msimamizi wa ufadhili, akapiga sauti zake tatu safi kama maji ya chemchemi. Akanyamaza. Akangoja. Akapiga tena zilipofuata zake. Akanyamaza.

"Umesahau, binti?" Ocama akamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Mimi nangoja Afedra."

Afedra, mwenzake wa kigoda cha pili, siku hiyo alikuwa Lurujo akichunga mbuzi.

Si kwamba Candiru hakuzijua sauti za wenzake. Alizijua zote, kichwani zilikuwa zinalia. Ila kwenye agwara, kumrukia mwenzako zamu yake ni kukosa adabu, na yeye ni mtoto aliyelelewa.

Ocama hakucheka. Alimfuata Rabia mlangoni. "Dada, nafasi ni ya mtoto mmoja. Nitamsikia mara moja tena. Aje na wimbo mzima."

Mama yake Candiru, Kiden, alipopata habari alifika Koboko mbio. "Mwalimu, wewe nafundisha mutoto yangu kunyamaza? Kunyamaza mimi nafundisha bure nyumbani, na bado hajajua!"

Rabia alicheka hadi machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. "Nilijiuliza," anasema, "nimnyang'anye adabu ndipo apate nafasi?"

Jibu lake lilikuwa kumtuma Candiru kwa wenzake sita, mlango kwa mlango, aombe sauti zao. Watano walikubali papo hapo. Afedra alidai muwa, akautafuna wote mbele yake, ndipo akasema, "Chukua yangu. Lakini utarudisha."

Tangu hapo Candiru anahama kigoda hadi kigoda, akipiga sauti ya mwenye kigoda. Kila akizoea moja, Rabia anaondoa kigoda cha sauti hiyo. Asubuhi hii vinaondoka vitano mfululizo. Kinabaki cha Candiru, na cha Afedra kando yake.

"Akipita Jumamosi, kila likizo atarudi hapa kuwafundisha hawa sita wimbo mzima," Rabia anasema. "Ni deni la sauti. Mwakani nitawapeleka wote Arua, mmoja mmoja, Ocama achoke yeye."

Candiru anaanza upya. Safari hii hainuki. Minueti inatoka nzima, bila pengo. Inapofika zamu ya Afedra anaipiga mwenyewe, ila anageuza kichwa kidogo kukielekea kigoda kitupu, kama anayemwomba radhi aliyekikalia.

Rabia ameona. Hamsahihishi.

"Adabu hiyo abaki nayo," anasema. "Mengine yote Arua watamfundisha."